Sakafu ya koki kwa nyumba yenye mtoto mwenye pumu: nizingatie nini?

Mama Mapacha, Leicester

Habari zenu ndugu zangu wa jukwaa. Naomba ushauri wa mafundi, na hasa wa wale waliokwisha kuishi na sakafu ya koki, yaani ile inayotengenezwa kwa gome lilelile la vizibo vya chupa.

Tumenunua nyumba iliyojengwa katika miaka ya 1960. Sakafu ya chini ni ya zege, na juu yake kuna zulia kuukuu lililotandikwa ukuta hadi ukuta, ambalo hata likifyonzwa vumbi kwa mashine asubuhi, jioni jua likipenya dirishani unaziona chembe zikielea kila mtoto anapopita mbio. Mmoja wa mapacha wetu ana pumu, na muuguzi anayemfuatilia ametushauri tuondoe vitu vinavyohifadhi vumbi katika chumba anacholala. Zulia litaondoka, hilo halina mjadala. Mjadala uliopo kati yangu na mume wangu ni kitakachowekwa badala yake. Yeye anapendelea laminati, yaani vile vibao vyenye picha ya mbao juu, kwa sababu ya bei, nami nimevutiwa na koki kwa sababu niliikanyaga peku nyumbani kwa jirani wakati wa baridi na sikusikia ule ubaridi wa zege unaopanda hadi magotini.

Je, sifa kwamba koki haiharibu mazingira ni ya kweli, au ni maneno ya wauzaji tu? Je, ni salama kwa mtoto wa namna hii, ikizingatiwa kwamba siku hizi kila kitu kina gundi na vanishi? Na jikoni inafaa, au nitajuta maji yakimwagika?

Mkaazi wa Évora

Dada, nitajibu lile la kwanza, kwa kuwa naishi Alentejo, kusini mwa Ureno, na miti yenyewe naipita kila ninapotoka mjini.

Mwaloni wa koki haukatwi. Kinachovunwa ni gome la nje tu, na mti hubaki umesimama ukiotesha jingine. Sheria ya Ureno inakataza kuvuna tena gome la mti uleule kabla ya miaka 9 kupita, na mti hauguswi mara ya kwanza mpaka shina lake lifikie mzingo wa sentimita 70, jambo ambalo kwa kawaida huchukua takriban miaka 25. Gome la mavuno ya kwanza ni gumu na lenye makunyanzi, la pili lina afadhali, na ni kuanzia mavuno ya tatu, mti ukiwa na miaka arobaini na ushei, ndipo linapopatikana gome linalofaa vizibo vya mvinyo. Mtu anayepanda mwaloni huu leo anawapandia wajukuu.

Kazi hufanyika kuanzia mwisho wa Mei hadi Agosti, wakati gome linapokubali kubanduka. Mvunaji hutumia shoka, na ustadi wote uko katika kujua kina cha kuchanja, kwa sababu shoka likizama hadi kwenye ngozi ya ndani mti hujeruhiwa na sehemu ile haitatoa tena gome zuri. Baada ya hapo huandikwa kwa rangi nyeupe shinani tarakimu ya mwisho ya mwaka wa mavuno: ukiona 4 kwenye shina lililovunwa mwaka 2024, ujue halitaguswa tena hadi 2033. Wavunaji hawa wako miongoni mwa vibarua wa mashambani wanaolipwa vizuri zaidi, na sishangai.

Kuhusu sakafu yenyewe, hakuna anayebandua gome kwa ajili ya sakafu. Mbao za gome zikishatobolewa vizibo, sehemu kubwa hubaki kama makapi. Makapi hayo, pamoja na gome la mavuno ya kwanza na ya pili, husagwa kuwa punje na kushindiliwa kuwa vigae. Ureno pekee hutoa karibu nusu ya koki yote duniani, na Uhispania, Moroko na Algeria pia huzalisha, kwa hiyo mzigo wa kufika Uingereza hausafiri mbali kama mianzi ya kutoka China. Tena misitu hii ina faida nyingine: chini ya miti huchungwa nguruwe, kondoo na ng'ombe, na humo huishi tai wa kifalme wa Iberia, ndege aliyekuwa karibu kutoweka. Koki ikikosa wanunuzi, mwenye shamba atashawishika kupanda mikalitusi, na kila kiangazi tunaona jinsi mikalitusi inavyoungua.

Hayo ni kuhusu gome. Kinachochanganywa nalo kiwandani ni habari nyingine, na hapo nawaachia mafundi.

Fundi Sakafu, Toronto

Mkaazi wa Évora ameeleza vizuri, nami naanzia alipoishia, kwa sababu ubora wa mti haukuhakikishii ubora wa kilichomo ndani ya boksi.

Madukani utakuta aina tatu zote zikiitwa koki. Ya kwanza ni vigae vya koki tupu, vyenye unene wa milimita 4 hadi 6, vinavyobandikwa kwa gundi juu ya sakafu iliyosawazishwa. Ya pili ni vibao vya kushikanishwa kwa meno, ambavyo havibandikwi bali huelea. Ukivikata utaona tabaka jembamba la koki juu, tabaka jingine la koki chini, na katikati ubao wa nyuzi za mbao zilizoshindiliwa, ambao ndio unaobeba meno hayo. Ya tatu inafanana na ya pili, lakini juu imefunikwa ngozi ya plastiki ya vinaili, wakati mwingine yenye picha ya mbao. Hiyo ya tatu mimi huiita koki ya jina: mguu wako unakanyaga plastiki, na kama sababu yako ya kuinunua ni afya ya mtoto, umelipia kitu usichokipata.

Jambo la kuuliza ni gundi. Punje za koki hazishikani zenyewe katika vigae hivi. Hushikanishwa kwa gundi ya poliurethani katika bidhaa nyingi za leo, na zamani zilitumika sana gundi zenye formaldehaidi, kemikali ambayo hutoka kama hewa inayowasha. Ule ubao wa katikati katika aina ya pili ndio wenye mashaka zaidi, kwa kuwa mbao za aina hiyo kwa kawaida hushikanishwa kwa gundi ya yurea na formaldehaidi, ambayo huendelea kutoa hewa hiyo kidogokidogo baada ya kuwekwa. Formaldehaidi huwasha macho na koo hata kwa mtu mzima asiye na tatizo la kifua, na mwaka 2004 shirika la utafiti wa saratani lililo chini ya Shirika la Afya Duniani (WHO) liliiweka katika kundi la vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu. Umoja wa Ulaya umepitisha kiwango kipya cha miligramu 0.062 kwa mita moja ya ujazo wa hewa kwa samani na bidhaa za mbao, kilichopangwa kuanza kutumika Agosti 2026. Uingereza haimo tena katika Umoja huo, lakini viwanda vya Ureno huuza kotekote, kwa hiyo una haki ya kumwuliza muuzaji kama bidhaa yake imekwisha kufikia kiwango hicho. Tazama pia lebo ya Ufaransa ya utoaji wa hewa chafu ndani ya nyumba, yenye madaraja kuanzia A+ hadi C. Hubandikwa kwenye maboksi mengi ya Ulaya, nawe usikubali chini ya A+. Muuzaji asiyeweza kukuonyesha karatasi za vipimo, bali anakujibu tu kwamba koki ni kitu cha asili, mwache aendelee kuuza asili yake.

Kwa laminati ya mume wako, nisemeje bila kuvunja nyumba ya watu? Ni ubao uleule wa nyuzi, mara nyingi mnene zaidi, uliofunikwa karatasi yenye picha na utomvu mgumu. Si sumu ikiwa imepimwa, lakini ni baridi, ina kelele, na ikikwaruzika haipigwi vanishi upya.

Mpemba wa Aarhus

Asalaam aleykum. Naomba kutofautiana kidogo na wenzangu, si kwa sababu koki ni mbaya, bali kwa sababu naona inasifiwa kupita kiasi kuhusu pumu.

Nimesoma matangazo yanayodai kwamba koki hufukuza utitiri wa vumbi, yaani wale wadudu wadogo wasioonekana kwa macho ambao huchochea pumu. Utitiri hula magamba ya ngozi yetu na huhitaji unyevu wa hewani. Makao yake makuu ni godoro, mito na midoli ya kitambaa. Ukiondoa zulia umeondoa ghala moja kubwa, na sakafu yoyote ngumu inayopigika deki itakupa faida hiyo, iwe koki, mbao au kigae. Lakini godoro lisipovalishwa foronya isiyopitisha utitiri, na madirisha yakifungwa kutwa huku nguo zikianikwa ndani, mtoto ataendelea kukohoa juu ya sakafu ya gharama kubwa.

Pili, dada asisahau linoliamu. Wengi hudhani ni plastiki, kumbe hutengenezwa kwa mafuta ya kitani, unga wa mbao, unga wa chokaa na mara nyingine unga wa koki yenyewe, juu ya kitambaa cha juti. Mwingereza Frederick Walton ndiye aliyeibuni katika miaka ya 1860, na huku Denmark imo mashuleni na katika nyumba nyingi, ikiwemo yangu. Inastahimili viti vinavyoburutwa kuliko koki, na jikoni haina presha.

Fundi Sakafu, Toronto

Kuhusu godoro nakubaliana na Mpemba kabisa. Kuhusu linoliamu, nami naiheshimu na nimeiweka katika nyumba nyingi, ila mwenye pua nyepesi akae nayo kwanza: mafuta ya kitani hutoa harufu kwa muda mrefu, na wapo wenye pumu ambao harufu hiyo huwasumbua. Kuna njia rahisi ya kujipima kabla ya kununua. Omba sampuli ya kila bidhaa, weka kila moja katika chupa ya kioo yenye mfuniko, iache dirishani penye jua siku nzima, kisha fungua na unuse. Si kipimo cha maabara, lakini kikikukera wewe usimlazimishe mtoto.

Mama Mapacha, Leicester

Nawashukuru sana, na mume wangu amesoma hapa akacheka aliposikia laminati yake inavyoelezwa. Kuna jambo jipya. Tumenyanyua pembe ya zulia chumbani kwa watoto, na chini yake hakuna zege wazi bali vigae vidogo vya mraba, vyeusi vyenye michirizi myeupe, kila kimoja kama sentimita 23, na kimoja kilichopasuka kinaonyesha gundi nyeusi kama lami. Fundi tuliyemwita kutoka mtaani alisema atavikwangua kwa sululu ndogo mchana mmoja. Je, tumruhusu?

Fundi Sakafu, Toronto

La, usimruhusu, na mlango wa chumba hicho ufungwe watoto wasiingie.

Vigae vya ukubwa huo, katika nyumba ya umri huo, na gundi nyeusi ya aina hiyo, ndivyo hasa vilivyokuwa vikitengenezwa kwa kuchanganywa na asibesto, madini ya nyuzinyuzi ambazo zikivutwa mapafuni huleta saratani. Uingereza ilipiga marufuku asibesto yote iliyosalia mwaka 1999, lakini iliyokwisha kuwekwa ilibaki ndani ya nyumba. Kigae kizima kilichoshikamana na sakafu hakimdhuru mtu, kwa sababu nyuzi zake zimefungwa ndani. Hatari ni kukivunja, kukikwangua, kukipiga msasa au kufagia vipande vyake vikiwa vikavu, kwani hapo nyuzi hupeperuka na kuvutwa mapafuni. Mwite mtaalamu aliyefunzwa achukue kipande kidogo cha kigae na cha gundi, avipeleke maabara iliyoidhinishwa. Gharama yake ni ndogo ukilinganisha na yale mengine yote unayopanga kulipia.

Majibu yakisema ipo, una njia mbili. Ya kwanza ni kuwaajiri watu wenye mafunzo na vifaa waiondoe yote. Ya pili, kama vigae vimeshika imara, ni kuviacha vilipo na kuvifunika kwa sakafu inayoelea. Hapo ndipo ushauri wangu wa awali unapobana, kwa sababu mimi kwa chumba cha mtoto ningependelea vigae vya koki tupu vya kubandika, visivyo na ubao katikati. Lakini ukibandika juu ya vigae vya asibesto, atakayekuja kuibandua sakafu yako miaka ishirini ijayo atavivunja vile vya chini bila kujua. Kwa hiyo, kama hamviondoi, chukueni vibao vya kuelea vyenye vipimo vizuri vya hewa, na muandike kwenye nyaraka za nyumba kwamba chini kuna asibesto.

Kuna la pili ambalo watu husahau: unyevu. Nyumba nyingi za wakati huo hazina nailoni ya kuzuia unyevu chini ya zege, na ile gundi ya lami ndiyo iliyokuwa ikizuia maji yasipande. Koki haiozi upesi, kwani ukuta wa kila seli yake una nta inayozuia maji, na sentimita moja ya ujazo ina seli zipatazo milioni 40 zilizojaa hewa. Ndiyo maana ni nyepesi, ina joto na haipitishi sauti. Lakini gundi huachia, ubao wa katikati huvimba, na ukungu huota katika giza lililo baina ya zege na kibao. Ukungu kwa mtoto wa pumu ni balaa kubwa kuliko zulia mnalolikimbia. Fundi wa kweli ataweka juu ya zege kisanduku chenye kipima unyevu, akizibe pembeni pote, akiache angalau siku tatu, na asikubali kuanza kazi mpaka kisome asilimia 75 au chini. Anayegusa zege kwa kiganja na kusema limekauka, mshukuru kwa kuja.

Mtu wa Kisauni

Samahani kwa kuingilia. Nimefuatilia mazungumzo haya nikiwa Mombasa na nimeanza kuitamani hiyo koki kwa sebule yangu. Je, inafaa huku kwetu?

Mpemba wa Aarhus

Ndugu yangu, koki husifiwa Ulaya kwa sababu huzuia joto la mguu lisipotelee kwenye zege. Wewe hapo Kisauni unataka joto hilo lipotee. Sakafu ya niru au terazo iliyosuguliwa vizuri haina gundi, hupigwa deki kwa maji tele, na mtu hulala juu yake mchana wa Februari akamshukuru Mungu. Usiagize kwa meli kitu kitakachokutoa jasho.

Mama Mapacha, Leicester

Majibu ya maabara yamerudi: vigae vina asibesto, gundi pia, lakini mtaalamu ameviona vimeshika imara na ameshauri visiguswe. Kipima unyevu kimesoma chini ya kiwango chumbani. Tumekubaliana kuweka vibao vya koki vya kuelea katika chumba cha watoto, vyenye lebo ya A+, na muuzaji ametupa karatasi za vipimo vya formaldehaidi bila kusitasita. Godoro nalo limevalishwa foronya, ahsante Mpemba.

Limebaki jiko. Lenyewe liliongezwa miaka ya baadaye na mwenye nyumba wa zamani, zege lake lina nailoni chini, halina vigae vya hatari, nalo limepimwa na ni kavu. Mume wangu sasa ndiye anayeitaka koki kuliko mimi, hasa baada ya kusikia kwamba sahani ikianguka juu yake ina nafasi ya kupona. Je, tuendelee?

Fundi Sakafu, Toronto

Endeleeni, lakini jikoni msitumie vibao vya kuelea hata kidogo. Maji yakiingia kwenye maungio na kuufikia ubao wa katikati, kingo huvimba na hazirudi tena. Hapo ndipo mahali pa vigae vya koki tupu vya kubandika, na kazi ifuatwe hivi.

Maboksi yafunguliwe na vigae vikae jikoni humo siku mbili au tatu ili vizoee hewa ya chumba, kwani koki hutanuka na kunywea. Zege lisawazishwe kwa simenti ya kusawazishia hadi liwe laini kabisa, maana kigae cha milimita 4 hakifichi kitu: chembe ya mchanga iliyosahauliwa chini yake itaonekana juu kama kipele kila jua la jioni likipiga. Gundi iwe ile inayotokana na maji, isiyo na viyeyushi vikali. Ipakwe kwa rola juu ya zege na mgongoni mwa kigae, na iachwe mpaka rangi yake nyeupe igeuke kuwa angavu na ukigusa kwa kidole isikushike. Wengi hukosa subira hapa. Kigae kikigusa zege hakisogezwi tena, kwa hiyo anzeni katikati ya chumba kwa mstari uliopigwa kwa uzi wa chaki, changanyeni vigae vya maboksi tofauti kwa sababu rangi hazilingani, kisha mgonge kingo kwa nyundo ya mpira na kupitisha rola nzito ya kilo 45 pande zote mbili.

Hata kama vigae vimekuja na vanishi ya kiwandani, pakeni tabaka mbili zaidi za vanishi ya maji baada ya kubandika, ili maungio yenyewe yazibwe. Pale mbele ya sinki mpake tatu. Mtoto alale kwa bibi yake au kwa jirani mpaka harufu iishe, na madirisha yawe wazi hata kama ni baridi. Fremu za mlango na skatingi, yaani zile mbao zinazozunguka ukuta chini, zizibwe chini kwa silikoni. Miguu ya viti na meza ibandikwe vipande vya sufi nzito, na friji msiiburute, bali muipitishe juu ya kipande cha mbao, kwa kuwa koki hurudi taratibu ikibonyezwa lakini ikichanika haijirudi. Mbele ya mlango wa nje wekeni kizulia cha kufutia miguu, maana mchanga wa viatu ndio unaokula vanishi. Mkiona sehemu ya mbele ya sinki imefifia na tone la maji linaacha doa jeusi badala ya kukaa juu, msisubiri: pigeni msasa mwepesi wa mkono na mpake upya sehemu hiyo kabla maji hayajapata njia.

Na muwekeni boksi moja zima la akiba, kavu, lisilofunguliwa. Viwanda hubadilisha punje na rangi kila baada ya muda, na kigae cha miaka mitano ijayo hakitafanana na hivi.